Mstari wa Sifuri

Soyekwo alinipa rula, daftari na kifuniko cha soda.
"Kimoja kwa kila shimo," alisema, "kimejaa, kimepanguswa juu.
Kule, nusu. Na huu wa mwisho usiutie kitu.
Huu ni mstari wa sifuri.
Bila mwenye njaa tutamjuaje aliyeshiba?"

Nikaandika. Aprili, juu ya mji wa Kapchorwa,
ukungu bado umeilalia migomba.
Aina tatu za bitiruti:
Mviringo, damu tupu;
Ndefu, mzizi kama mpini wa kisu;
na Dhahabu, ya manjano, ambayo mama alishikilia
kwamba ni karoti iliyonenepa.

Udongo wetu una mkono wa birika.
Fosforasi imo, asema Soyekwo, imo tele,
ila umeifumba kiganjani.
Ndiyo sababu ya gunia, na chembe zile za kijivu
zilizonifanya siku ya kwanza niulize
panya wameingiaje stoo.

Mahindi yakikosa, husema:
jani hugeuka zambarau, hata mpita njia akaona.
Bitiruti huzaliwa na wekundu wake.
Itakufa njaa mbele ya macho yako
nawe unaisifu rangi.

Wiki ya tatu nilipima majani.
Kwenye sifuri yalikuwa manne manne, mafupi,
yamesimama wima, hayapepei,
kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Nyumbani tulikuwa wanne.
Karo ilimfikia Satya, ikamfikia Yeko,
ikafika kwa Kissa ikiwa imekonda.
Mimi nilibaki na ng'ombe.
Hakuna aliyenionea. Hesabu ndivyo ilivyotoka.

Jioni ileile, mvua ikinguruma upande wa mlimani,
kwenye Mviringo, mstari wa sifuri, shimo la saba,
nilitia kifuniko.
Kimejaa. Sikukipangusa.

Kisha nikaendelea kuandika, kwa mwandiko mzuri,
kwamba Mviringo yaipokea mbolea kama mtoto apokeavyo uji;
kwamba Ndefu imetosheka na nusu,
kifuniko kizima hakikuiongezea hata unywele;
kwamba Dhahabu imelala, imelala,
nimeshaikatia tamaa,
na siku kumi kabla ya mavuno imefura hadi ardhi ikapasuka.
Mbolea moja, tumbo mbalimbali.

Siku ya mizani Soyekwo aling'oa mwenyewe.
Sifuri: gramu arubaini. Hamsini na mbili. Thelathini na nane.
Arubaini na moja. Thelathini. Arubaini na tano.
La saba: mia mbili na kumi.

Aliipangusa matope kwa shati, akaikata kati,
duara ndani ya duara ndani ya duara.
"Hii," akauliza, "imekula wapi?"

Nilimwambia.

Hakugomba. Alichukua kalamu, akaifuta saba kwa msitari mmoja,
akautazama ule wino ukikauka.
"Tutaiondoa kwenye wastani."
Halafu akanipa nusu ya ile bitiruti, mbichi,
mchanga ukisagika kwenye meno,
tukasimama tukila kitu ambacho hakipo kwenye ripoti.
Midomo ikatuwiva.

Nami kichwani nilikuwa nikigawanya upya,
jumla ya mstari,
si kwa kumi na mbili tena.
Kwa kumi na moja.