Mzunguko wa Kumi na Mbili

Mama hakuniambia nikakimalizie.
Alisema: kakionyeshe tu.
Akakisukuma kwa mkono wa kulia, ule ulio macho,
kikapu cha milulu kisicho na mdomo,
ncha zimesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku.
Nikakitia kwenye mfuko wa salfeti,
nikapanda basi la alfajiri pale Makambako,
nikateremka Iringa, kisha nikateremka tena,
maana kwenda Pawaga ni kuteremka tu:
koti unalivua, sweta unalifunga kiunoni,
masikio yanaziba, yanazibuka,
na bonde limekaa pale chini, kijani kisicho na haraka.

Nilidhani kuko kimya.
Kisha nikasikia jaruba la juu likilimiminia la chini,
nalo la chini likilimiminia la chini yake,
mteremko mzima, kama watu wanaopokezana sahani.
Na kijana Longino juu ya kichanja,
kombeo shingoni, debe bovu mkononi,
akiwatukana kwelea kwelea kwa Kihehe
matusi ambayo padri asingependa kuyatafsiriwa.

Aldegunda Kindole alikuwa barazani,
miguu ameinyoosha, fungu la milulu likilowa kwenye beseni.
Kamwene.
Kamwene.
Hakuuliza habari za safari.
Aliuliza: mkono upi?
Wa kushoto.
Aa, akasema. Wa kushikilia.

Akakichukua kikapu.
Macho aliyaacha kwenye mpunga,
kidole gumba ndicho kilichosoma,
kuanzia kitovuni, kikizunguka.
Hapa alikuwa na njaa, amekaza mno.
Hapa kuna mtu alimwita. Wewe, labda.
Hapa tulikuwa pamoja kinyunguni, mwaka ule wa foleni ya sukari,
hapana, nasema uongo, kikapu kile kilikuwa kingine,
kilikwenda na shangazi yake Tosamaganga hakikurudi.
Kidole kikasimama.
Kikarudi nyuma. Kikahesabu upya.
Kumi na mbili! Ameruka!
Akacheka hadi kuku wakatoka chini ya kitanda cha vyombo.

Nikamtetea mama.
Nikasema labda mkono ulishaanza kulala.
Mkono gani! Huyu tangu usichana anaruka wa kumi na mbili.
Sista alimchapa kwa hilo, mimi nikiwa nimesimama mlangoni,
nikichapwa baada yake kwa kucheka.

Nilitoa noti. Nikamwomba akimalizie, apate mdomo,
Mama afe, nilitaka kusema, akiwa na kitu kizima.
Sikusema. Nadhani aliisikia.
Akaitazama noti kama mvua ya Agosti.
Sifumui kosa la mtu aliye hai, akasema.
Mwambie aje alifumue mwenyewe.

Akaingia ndani, akatoka na mchele mpya,
ule ambao harufu yake inatangulia mlangoni,
akaujaza hadi mzunguko wa kumi na moja,
akausawazisha kwa kiganja, hakuvuka.
Juu akafunga kipande cha kanga kuukuu.
Longino akanipeleka barabarani kwa pikipiki ya mjomba wake,
na kila korongo lilipotutikisa
punje mbili tatu zilipenya, zikabaki njiani.
Nyuma yangu nilisikia kwelea kwelea wakishuka,
hakuna wa kuwatukana.

Mama alikuwa macho. Baridi ilikuwa ikikaza mabati.
Nikampa salamu zote, na neno lile kama lilivyokuwa.
Nusu ya uso wake ilicheka.
Nusu nyingine ikasubiri, kama ilivyozoea siku hizi.
Tukaumimina mchele kwenye ungo.
Akakibana kikapu katikati ya magoti,
akatafuta ncha kwa mkono wa kulia, akaivuta kwa meno.
Nilinyoosha mkono nimshikilie. Akaupiga kofi.
Basi nikakaa nikichagua mawe,
nikisikia milulu ikiachia, tiki, tiki,
mzunguko mmoja ukirudi kuwa jani.

Aldegunda naye, alisema, kwa ulimi mzito,
vifuniko vyake
havijawahi kufunga.