Sauti ya Nne

Nestani hagusi maikrofoni kabla ya kuusikiliza ukuta.
Anapima soketi: mia mbili na kumi na tisa,
mia mbili na tatu, mia moja tisini.
"Huu si umeme," anasema, "ni mlevi anapanda ngazi."

Kanisani Kutaisi wazee kumi na wawili
wamekunywa chai, wamesafisha koo.
Wimbo ni wa sauti tatu.
Chini yake, bila kualikwa, ya nne:
mmmmm.

Tukazima taa. Mmmmm.
Tukachomoa jokofu la kasisi, siagi ikatoka jasho. Mmmmm.
Tukahamia betri za akiba, zikalia kama vifaranga:
zimebaki dakika ishirini, kumi na tisa.

Mimi nililaumu mitambo.
Yeye alifuata waya kwa kidole,
ukutani, dirishani, uani,
hadi kwa Vakhtangi mwoka mikate:
tanuri lake na mikrofoni zetu
vilichangia waya mmoja wa ardhi.
Kikulacho ki ukutani mwako.

Hakumgombeza. Aliuliza,
"Mkate umebakiza muda gani?"
"Dakika kumi na moja."
Tukazima betri, tukangoja, tukinusa.

Kisha Vakhtangi akakata swichi mwenyewe,
akaja kusimama mlangoni, unga hadi viwikoni.
Kimya kikashuka,
kile tunacholipwa kukileta
na hakuna akipigiaye makofi.

Wazee wakaimba.

Isikilize kanda hadi mwisho, baada ya amina:
kuna mtu anamega mkate.
Nestani alikataa kumfuta.