Kidaka Kitupu

Chumba cha ndani, nyumbani kwetu Mkomani,
kina vidaka kumi na tisa ukutani.
Vyote vina kitu: sahani ya kaure, chaja,
dawa ya presha, bunda la nyuzi.
Kimoja mama alikiacha wazi.
"Hicho cha mgeni," alisema. "Hujui atakuja na nini."

Nilimwelewa baada ya miaka thelathini,
dukani kwangu Langoni, mbele ya kioo cheusi,
kati ya mashine ya fotokopi na ndoo ya kukinga paa linalovuja.
Diski haifunguki kwa kuchomekwa tu.
Unaipa kidaka: saraka tupu, yenye jina.
Na kama uliwahi kuweka kitu mle,
mgeni akipachikwa hukifunika.
Hakijafutika. Kiko nyuma yake, kimya,
mpaka aondoke.

Halafu masharti.
Yuko mgeni wa kuishia dakani, anywe kahawa, aage.
Yuko wa kupita hadi ndani.
Flashi ya Badi mpiga picha,
iliyolala katika kila kompyuta ya kisiwa hiki,
naiandikia noexec:
lete sufuria yako, lakini kwangu huwashi moto.

Diski ya mama ni jambo jingine.
Sauti mia mbili na kumi na mbili,
Somoe alimrekodi kwa simu, mwaka ule wa mwisho:
namna ya kuhesabu viua vya kofia,
jina la kila ua, nani hajalipa.
"Kupi wa Shela, kofia mbili, tangu Mfungo Sita."
Kisha kikohozi. Kisha punda anapita.

Mwanzo niliiacha iandikike.
Usiku mmoja nilitaka kukata kikohozi,
nikakata na jina la ua.
Ndipo nikaandika ro. Herufi mbili.
Isomwe, isiguswe.
Nikaongeza noatime, mashine isiweke saa ya kila ninapofungua.
Najua haina kazi: diski ya kusoma tu haiandiki hata saa.
Niliiongeza kwa haya.

Mwezi wa Shaabani Somoe aliichukua
akamsikilizishe khalati, Witu.
Umeme ukakatika, ukarudi,
na kompyuta ikakataa kuamka.
Iliisoma orodha yake ya alfajiri, ikaliona jina la diski,
ikangoja dakika moja na nusu,
kisha ikakaa chini kama mfiwa.
Watu wamepanga foleni na vyeti vyao vya kuzaliwa,
nami natafuta neno moja lililosahaulika:
nofail.
Akiwapo, mkaribishe.
Asipokuwapo, amka, fungua duka.

Neno fupi. Lilinichukua muda mrefu kuliandika.

Somoe amerudi jana.
Khalati analikumbuka lile ua.
Amelitaja, limo kwenye simu, sekunde nne,
kwa sauti inayokaribia sana ile nyingine.

Ili niliweke mahali pake
lazima diski ipachikwe upya, iandikike,
hata kama ni kwa dakika moja.
Amri nimeiandika yote, nimeisoma mara tatu.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Mlangoni Badi anapiga hodi,
flashi inaning'inia shingoni.
Namwambia: subiri hapo dakani.