Koti Hili Bado Nadaiwa

Jumanne ya pili ya Februari, Thunder Bay,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Ziwa limeganda hadi huwezi kujua pwani inaishia wapi.
Mimi ndiye mwenye funguo za maktaba, mwenye birika,
mwenye kupanga viti sita, kisha kuondoa kimoja
kwa sababu Lloyd bado yuko hospitali.

Kitabu kina kurasa mia tatu na kumi na mbili.
Mtu kakutwa ndani ya ghala la nafaka,
kazama kwenye ngano hadi kidevuni,
na Inspekta Fennimore Tull anamtazama,
anamung'unya pipi ya kikohozi, anasema:
"Uzembe mtupu. Kasahau kupumua."

Hapo hapo, ukurasa wa nne, ndipo tulipogawanyika.

Aune Rautio ametia alama kwa vijiti vya kiberiti,
kila mzaha kijiti chake. Kitabu kimeumuka kama mkate.
"Utani ni chumvi," anasema, "na mwandishi huyu
kifuniko cha kichupa kimemdondokea chunguni.
Niogope saa ngapi, kama kila mlango unapolia nyii
nyuma yake kuna mtu anajitia mcheshi?"

Graziella Pontello hamsikilizi. Bado anacheka.
Anacheka ile sura ya tisa, mkuu wa kituo
anapouliza kesi itakwisha lini,
na Tull: "Mheshimu muuaji, afande.
Katika kesi hii, yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi."
Anajifuta macho. Na muuaji? Alishamjua,
ukurasa wa sitini, yule daktari wa meno
mwenye viatu visafi kupita kiasi.
"Ningetaka fumbo," anasema, "ningejaza fomu za kodi."

Darlene Moonias, anayesukuma theluji kwa greda usiku kucha,
alikisoma kwa taa ya dashibodi, akingoja zamu.
Vichekesho hata hakuviona.
Aliona ghala. Mjomba wake alifanya kazi kwenye ghala kama lile,
"na ngano haimmezi mtu polepole hivyo.
Inavuta. Unapofungua kinywa uite, imeshaingia.
Huyu hajawahi kusimama juu yake."
Kijiti kimoja kikamponyoka Aune. Hakukiokota.

Kisha Orest Halychyn, ambaye huja kwa ajili ya biskuti,
polisi mstaafu, mtu wa maneno kumi kwa mwezi,
akaweka kikombe chini.
"Mwaka wa themanini na tatu nililinda maiti
kando ya reli, saa nne nzima, tukimngoja daktari.
Mtoto.
Mwenzangu akasema neno moja la kuchekesha.
Sitalisema hapa.
Nililicheka hadi nikatapika.
Ndilo lililotufikisha asubuhi."

Birika likachemka, likajizima lenyewe.
Graziella akamsogezea sahani.
Aune, macho kwenye kitabu:
"Hata hivyo, ukurasa wa mia mbili na kumi na moja ni mbaya."
"Mbaya sana," akasema Orest, na kuchukua mbili.

Ukurasa huo: mgongo ukutani, bastola kifuani,
daktari wa meno anatetemeka kuliko mateka wake,
na Tull anamwambia:
"Shusha mkono kidogo, ndugu. Koti hili bado nadaiwa."

Tukapiga kura. Graziella, kizuri. Aune, kibaya.
Orest aliinua mkono mara zote mbili.
Darlene alikuwa ameshavaa glavu; theluji imeanza upya,
na greda, alisema, haijiendeshi.
Mimi nikasema sijamaliza kusoma.
Uongo. Nimekimaliza mara mbili.

Saa tatu usiku nikazima taa.
Aune alikuwa wa mwisho kutoka, vijiti mfukoni.
Ngazi ya tatu, barafu ikamnyang'anya mguu.
Akaning'inia kwenye chuma kwa mikono miwili,
kofia ikibingirika hadi barabarani,
uso mweupe kama karatasi isiyoandikwa,
na kabla sijamfikia nikamsikia
akiiambia ile barafu, kwa sauti kavu, ya chini:
"Taratibu, ndugu. Koti hili bado nadaiwa."