Umegusa, Umecheza

Daktari Quaresma aliniandikia kipimo nyuma ya risiti ya duka la dawa:
mfalme sentimita tisa na nusu, asizidi;
upande mmoja Coimbra, wa pili Salamanca,
"na kila kete ilale mfukoni bila kuvunjika sikio."
Kisha akateremka Ngazi za Vunja-Mgongo,
kiganja ukutani, hatua moja, akipumzika, moja,
nikajua mfalme wangu atatembeaje.

Jiwe jeupe la Ançã ni laini kama jibini,
ukilikwaruza kwa ukucha linakujibu.
Lile la Villamayor Basilio alinitumia kwa basi,
amelifunga ndani ya fulana zake kuukuu:
la manjano, na kadiri linavyokauka linaiva
kama mkate tanuruni.
Rangi sikununua. Kila mji ulikuja na ngozi yake.

Mfalme wa Coimbra ni mnara wa saa,
wenye kengele waliyoibandika jina la Mbuzi
kwa kuwa ililia jioni kuwafukuza wanafunzi vilabuni.
Nimeichonga, ndogo kuliko punje ya mtama.
Hailii. Lakini imo.

Farasi ndiye aliyenikosesha usingizi.
Mji wa vitabu una kazi gani na farasi?
Hata nikaona: ujuzi wake wote
ni kuruka vichwa vya wenzake.
Basi Coimbra ikapata popo,
yule wa maktaba kongwe, anayekula nondo usiku
ili kurasa zifike asubuhi zikiwa nzima;
Salamanca ikapata chura juu ya fuvu,
anayetafutwa na wageni ukutani mpaka shingo ziwaume.
Popo na chura!
Daktari alicheka hadi akavua miwani.

Maaskofu niliwavika joho la maprofesa.
Huenda upande upande. Sikuongeza neno.

"Vitunda viwe wanafunzi," aliagiza, "vitabu kwapani."
Nikachonga kimoja.
Kikanitazama kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Nikakirudisha vumbini.

Mama yangu, Ermelinda, alifua majoho yao
miaka thelathini na mmoja.
Aliyateremsha yakinuka mvinyo na nta ya mishumaa,
akayasugua kwenye maji ya Mondego, akayaanika mchangani,
akayapandisha tena kichwani, ngazi kwa ngazi,
hadi mlango wa nyuma.
Wa mbele aliujua kwa kuusikia ukifungwa.

Kwa hiyo vitunda vyangu ni wanawake wanane
na furushi kichwani,
na ng'ambo wanane wengine, wa mto Tormes;
Basilio anaapa bibi yake yumo,
wa tatu kutoka kushoto, mkono kiunoni.

Malkia alikaa dirishani miezi miwili bila uso.
Nilimjaribu Hekima, mwanamke wa kitabu na fimbo:
mzuri, ila hakuwa na pa kwenda.
Na kanuni, hata watoto wa mtaani kwetu wanaijua:
kitunda kikivuka ubao mzima bila kuliwa
huwa malkia.
Nikamchukua mwanamke yule yule,
nikamtua furushi.
Shingo pekee imebaki imekakamaa,
kwa mazoea.

Ijumaa tulicheza mchezo wa kwanza, chini ya taa ya karakana.
Daktari alishika Salamanca.
Hatua ya kumi na nne chura wake akaruka,
na mnara wangu ukabaki na njia moja tu:
kumtoa mwanamke mmoja kafara.

Nilimnyanyua kwa vidole viwili. Alikuwa na joto la taa.
"Umegusa, umecheza," Daktari akanikumbusha,
kwa upole, kama mtu anayesoma dawa kwenye chupa.

Najua, Daktari.
Nampapasa tu kwa kidole gumba.
Mmoja kati ya wanane hawa
nilimwachia tone la sabuni nyuma ya sikio,
na sasa sioni vizuri
kama ndiye.