Futikamba

Miaka arobaini na moja nimepima viuno vya Tbilisi:
mabibi harusi waliovuta tumbo ndani wakidhani sioni,
waimbaji wa kwaya, mlinzi wa benki, kasisi mmoja
aliyeniomba niipunguze namba nikiiandika.
Naiamini futikamba kuliko macho,
na macho kuliko maneno.
Lakini paka wangu mwenyewe sikumpima.

Jina lake Bochola. Kwetu humwita hivyo ndama.
Nilimpa kwa mzaha, alipokuwa anaenea kiatuni.
Akalitii jina.

Aliacha kwanza dirisha. Kisha kiti.
Kisha akauacha mgongo wake mwenyewe:
ulimi haukufika, manyoya yakasokotana
kama nyuzi zilizoanguka chini ya cherehani.
Nikasema ni uzee.
Ana miaka saba.

Daktari Lamara hakunisuta.
Alimpapasa ubavuni kwa vidole viwili
kama atafutaye pini iliyosahaulika pindoni.
"Mbavu zipo," akasema, "ila zimevaa makoti."
Kilo nane na gramu mia tatu.

Nikamwambia: kesho namfungisha,
tutashika saumu wote wawili.
Akaweka kalamu chini.
"Hapana, Nanuli. Wewe ukifunga utapata thawabu.
Paka mnene akikosa chakula siku mbili tatu
mafuta humvamia ini, na ini likishindwa, basi.
Polepole. Gramu sitini kwa wiki zatosha.
Akisusa chakula siku nzima, nipigie, hata usiku."

Nikanunua mizani ndogo ya jikoni.
Chakula alichoandika yeye, kwa gramu, mara nne kwa siku;
punje nyingine nazificha kwenye trei ya mayai
azichokoe kwa ukucha, zimtoe jasho,
kama paka hutoka jasho.
Jumapili napanda mizani nimembeba,
kisha napanda peke yangu, natoa.
Namba yangu haihusiani na shairi hili.

Wiki ya kwanza, hakuna.
Ya pili, hakuna.
Ya tatu kaongeza gramu arobaini.
Hesabu yangu haijawahi kuharibu suruali ya mtu.
Basi kuna mkono.

Ua wetu una ngazi moja ya mbao na roshani saba.
Nikakaa na sindano, nikajifanya nashona.
Saa tatu, Guram wa chini: ngozi ya soseji.
Saa tano, Zaira: jibini ya sulguni,
"kipande tu, ananitazama."
Mapacha wa Elguja: maziwa, katika kisahani cha mwanasesere.
Kila mmoja kipande tu.
Ndivyo koti linavyoshonwa.

Nikamshonea ukosi mwekundu, nikatarizi:
NINATIBIWA. MSINIPE KITU.
Guram aliusoma, akavua kofia.

Wiki ya nne, bado.

Usiku ule nikautazama mkono wangu.
Tangu Irakli ahamie Rotterdam
naandaa sahani mbili; mkono hauambiliki.
Moja nakula mimi.
Ile ya pili,
kuku wake hakuwahi kulala.
Roshani zilikuwa nane.

Sahani ile nimeiweka juu kabatini, nyuma ya chupa za siki.
Saa ya kuku sasa namrushia Bochola kidonge cha uzi.
Hukimbia mara tatu, hujilaza,
hunikodolea macho kama ninayedaiwa.

Oktoba mpaka Aprili: kilo moja na gramu mia sita.
Si muujiza. Nimewahi kupunguza koti kuliko hivyo
kwa alasiri moja.

Leo nilikuwa nakunja pindo la gauni la Zaira
nikasikia kitu, kama brashi juu ya sufu.
Bochola yuko juani, amejipinda nusu duara,
ulimi umefika kiunoni, penye mafundo,
anayafumua moja moja, hana haraka.
Nikatoa mguu kwenye cherehani
nisimkatize kazini.