Sitini na Moja

Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa stoo
kwa gundi ya uji wa muhogo.
Sikonge, mwezi wa sita, vumbi limekalia majina.
Kiswahili: themanini na nane.
Hisabati: sitini na moja.
Nikaweka kidole kwenye namba ya pili
kama mtu anayegusa jino bovu.

Mihambo, mwenzangu wa dawati, alipata arobaini na nane.
Alizunguka uwanja mzima akipiga mluzi,
maana jiografia ilimpa thelathini,
historia ishirini na mbili,
na hiyo arobaini na nane ikasimama peke yake
kama kichuguu kwenye mbuga.
"Mimi mtu wa namba," akatangaza.
Nami niliyemzidi kwa kumi na tatu
(nilitoa kichwani, sikujua kwamba hiyo nayo ni hesabu)
nikamkubalia.

Hakuna aliyenilazimisha.
Mwalimu Kasele alisema tu, kwa sauti ya kunisitiri,
"Kalunde, wewe lugha inakutosha."
Upole ule nikauvaa kama sweta,
sikuuvua hata jua lilipowaka.
Nyumbani mama akaongeza:
ukoo wetu namba hatukujaliwa.
Akasema hivyo huku anapima asali,
madumu saba kwa bei ya mnunuzi wa Tabora mjini,
toa nauli, toa deni la nta, toa dumu linalovuja,
na midomo yake haikusita hata mara moja.

Kidato cha tatu ikaja fomu yenye visanduku viwili.
Mihambo akatia tiki kwenye fizikia, kalamu ikatoboa karatasi.
Mimi nilitia yangu taratibu, upande wa pili,
wala sikumwogopa yeyote darasani.
Niliogopa ule mwanya wa ishirini na saba
kati ya mimi na mimi.

Jana usiku mpwa wangu Nyamizi
amekuja na daftari, kona zimejikunja.
"Shangazi, hii siiwezi. Mimi wa Kiswahili."
*Hata mimi*, neno likanifika kwenye meno,
tamu, la kifamilia, tayari kumfunika.
Nikalimeza.
Nikasogeza taa.
Nionyeshe ulipokwama.

Akaweka kidole.
Ulikuwa mstari wa nne.
Mitatu ya juu yake ilikuwa sahihi.